Jinsi nilivyotuliza kiungo cha redio kilichokuwa kikikatika

Kiungo chetu cha kilomita 5 kinapeleka intaneti kwenye nyumba ambazo hakuna kampuni iliyoona faida ya kuzivutia nyaya. Kinatumia gigahezi 5.8, masafa ambayo nchi nyingi huyaruhusu bila ada ya leseni, ndiyo maana huduma ni nafuu. Tatizo: majani ya miti yakilowa, mawasiliano yalikatika.

Nilishauriwa tuhamie chini ya gigahezi 1, ambako mawimbi hupenya miti vizuri zaidi. Ni kweli, ila huko chaneli (kipande cha masafa kinachobeba data) ni nyembamba na mara nyingi kibali kinahitajika. Watu wangelipa zaidi wapate kidogo. Sikukubali.

Antena zilikuwa zinaonana, na hapo ndipo wengi huridhika mapema. Wimbi halipiti kama uzi ulionyooka. Linahitaji nafasi kuuzunguka mstari huo, iitwayo ukanda wa Fresnel. Kwa umbali na masafa yetu, nusu kipenyo chake katikati ya njia ni takriban mita 8, na angalau asilimia 60 yake inapaswa kuwa wazi. Vilele vya miti vilikuwa vimeingia humo. Nikarefusha milingoti mpaka mstari ukapita mita 5 juu ya mti mrefu kuliko yote.

Kisha nikapunguza upana wa chaneli kutoka megahezi 80 hadi 20, hatua inayoshusha kelele ya kipokezi (mawimbi ya ovyo yanayofunika ishara) kwa desibeli 6, yaani hadi robo hivi. Kasi ya juu kabisa imepungua, lakini mvua ikinyesha watoto wanaendelea na masomo yao mtandaoni.