Nilivyopambana na ndago na funza wa miwa bila dawa

Shamba langu la miwa liko Kahe, huku tambarare ya Moshi, na ndago, lile gugu sugu, ilikuwa imelivamia. Ukiifyeka kwa jembe la kawaida, vitunguu vyake, yaani vile viazi vidogo vya mizizini, vinabaki chini na kuchipua upya. Nikachukua jembe la meno, nikaing'oa na vitunguu vyake, nikaianika juani. Kazi ya kuvunja mgongo hiyo, sikufichi. Katikati ya mistari nikatandaza majani makavu ya mavuno. Miwa ikishafunga kivuli, ndago hudhoofika yenyewe.

Funza wanaotoboa mabua nao: nondo wanaowazaa hupenda kutaga kwenye majani makavu yaliyong'ang'ania bua, basi nikayapurura. Bua lenye tundu linalotoa unga kama wa mbao, nililikata chini kabisa na kulichoma. Msimu huu mabua yenye matundu ni ya kutafuta.