Kumbukumbu ya mradi: kumsimulia Mjomba mauaji ya London ya 1811

Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita kauntabuku langu lililowa mvua, kurasa tatu zimegandana kabisa, moja ndiyo ile ya malumbano makubwa kuliko yote, nikaona bora niweke huku yaliyobaki kabla hayajapotea yote.

Kwa ambao ni wageni na mradi wangu: nasoma mfululizo wa Sebastian St. Cyr wa C. S. Harris, kitabu kwa kitabu kwa mpangilio, afu naandika kila msomaji mwenzangu kasemaje. Cha kwanza kilitoka 2005 na tangu hapo karibu kila mwaka kinatoka kingine, na majina yote yanaanza na W, yaani What, When, Why, Where, Who, mpaka nimeacha kuvitaja kwa majina, nataja namba tu. Viwili vya kwanza nilivipata kwenye meza ya mitumba, vingine vyote nasoma kwenye simu mpaka macho yanawaka.

Wasomaji tuko watano. Mimi, Mama Zai ambaye anafundisha Kiingereza sekondari, Dulla fundi simu, binti wa duka la dawa, na Mjomba. Mjomba ndiye kanifanya mradi uwe mgumu, maana macho yake hayawezi tena herufi ndogo na Kiingereza chake ni cha kuandikia ripoti, kwa hiyo jioni nikitoka kazini napita barazani kwake Ngamiani namsimulia kwa Kiswahili sura zote nilizosoma. Alistaafu upolisi zamani, upelelezi. Nilidhani atafurahi kusikia hadithi za upelelezi. Subirini.

Kitabu cha 1

Kisa ni hiki: Januari 1811, London, mwigizaji mmoja wa kike anakutwa ameuawa ndani ya kanisa, na bastola iliyookotwa pale ni ya Sebastian, kijana wa ukoo mkubwa, kapigana vita vya Napoleon kule Ureno na Hispania, ana macho ya njano yanayoona gizani kama paka. Anakimbia, anajificha vichochoroni kwa masikini, inabidi amsake muuaji mwenyewe la sivyo ni kitanzi.

Kumsimulia kwenyewe kulinitoa jasho siku ya kwanza. Nilikwama kwenye Regent. Nikamwambia Mjomba, mfalme wao George III akili ilimruka, ikabidi bunge limpe mwanawe madaraka ila mfalme bado yupo hai na bado ni mfalme. Mjomba akanywa kahawa akasema, "Si kaimu huyo?" Basi ikaisha hapo, kuanzia siku hiyo ni Kaimu Mfalme, na nilivyomwambia alikaimu tangu Februari 1811 mpaka 1820 baba alipokufa Mjomba akacheka mpaka kikombe kikamwagika, miaka 9 mtu anakaimu, posho yake ilikuwa shilingi ngapi.

Kikwazo cha pili kilikuwa Tom. Tom ni mtoto wa mitaani, mwizi wa mifukoni, Sebastian anamchukua anakuwa anasimama nyuma ya kigari chake cha farasi na kushika farasi wakisimama, na kazi hiyo Waingereza walikuwa wanaiita tiger. Nikasema chui milia. Mjomba akanitazama tu. Nikaeleza mara ya pili nini anafanya, akasema "utingo". Ni utingo kweli! Kila nikisoma sasa namwona Tom ananing'inia nyuma ya fuso anapiga bodi, twende.

Lakini swali lililovuruga mradi mzima liliulizwa usiku uleule wa kwanza. Nilikuwa nasimulia jinsi hakimu Sir Henry Lovejoy anavyokwenda mwenyewe kuangalia maiti, Mjomba akanikata, "Polisi wako wapi?" Nikasema hawapo. "Hawajafika?" Hawapo Mjomba, hawajaanzishwa, polisi wa London wameanza 1829. Alinyamaza muda mrefu. Nikamweleza kwamba kulikuwa na konstebo wa parokia, walinzi wa usiku wenye taa wanaotangaza saa, na ile ofisi ya Bow Street iliyoanza 1749 yenye watu wachache wa kukamata wezi. Akasema sawa, sungusungu. Afu akauliza nani anashtaki. Nikamwambia kwa kawaida aliyedhulumiwa ndiye alipaswa kufungua mashtaka mwenyewe, au ndugu wa marehemu, na gharama juu yake. "Na kama marehemu hana mtu?" Sikuwa na jibu. Nimeliandika kwenye kauntabuku na herufi kubwa, ukurasa huo haukulowa.

Mchezo wa kopo

Nilikuwa na utaratibu wangu. Nikifika robo tatu ya kitabu nasimama, kila mtu anaandika jina la anayemshuku, anakunja karatasi, inaingia kopo la Blue Band, kitabu kikiisha tunafungua. Mpaka kitabu cha 6 matokeo ni: Mama Zai kapatia mara tatu, binti wa duka la dawa mbili, mimi moja na ilikuwa bahati, Dulla sifuri maana kila kitabu anaandika Jarvis.

Jarvis ni lodi, binamu wa mfalme, yeye ndiye anayeendesha nchi nyuma ya pazia la huyu Kaimu anayependa kula na kununua vitu. Ana majasusi, mtu akimsumbua anaokotwa mtoni. Dulla anasema hata kama sio yeye aliyeshika kisu ni yeye tu, na tukibisha anasema nitajieni kitabu kimoja ambacho hana mkono. Hatujakipata.

Mjomba hajawahi kuandika jina. Anarudisha karatasi nyeupe. Anasema Sebastian hana mamlaka ya kuhoji mtu, anaingia majumbani kwa watu kwa sababu baba yake ni mkubwa, ungamo lolote analopata hapo mahakamani halisimami. Mimi nikawa namwona anatuharibia mchezo, ni hadithi tu jamani.

Kitabu cha 4, ambacho Mjomba alikipenda

Hiki ni cha Mei 1812. Nyumba ya wasamaria iliyokuwa inahifadhi wanawake waliokimbia umalaya inachomwa moto na waliomo wanauawa, na wenye nchi hawataki hata kuulizia kwa sababu waliokufa ni malaya. Hapo Mjomba aliweka kikombe chini. Hakusema kitu ila hakuniruhusu niondoke mpaka nimalize sura nne, nimerudi nyumbani saa tano usiku mama kanuna.

Afu humo ndani kuna tukio la kweli kabisa, kuuawa kwa waziri mkuu Spencer Perceval tarehe 11 Mei 1812 kwenye ukumbi wa kuingilia bungeni. Muuaji ni mfanyabiashara John Bellingham, aliwahi kufungwa Urusi akawa anaidai serikali fidia, kila ofisi inamzungusha, mwisho kaja na bastola. Alivyompiga risasi hakukimbia, akaenda akakaa kwenye benchi. Wamemnyonga tarehe 18. Mjomba akahesabu kwa vidole, tarehe 11 mpaka 18, "Siku saba? Upelelezi ulikamilika lini?" Nikasema kesi yenyewe ilikuwa tarehe 15. Akatikisa kichwa kama vile jalada lilipita mezani kwake.

Kat au Hero (ukurasa ulioganda, naandika kwa kumbukumbu)

Haya sasa. Sebastian ana mapenzi ya zamani na Kat Boleyn, mwigizaji, mzuri, jasiri, ana siri zake. Upande wa pili kuna Hero Jarvis, ndio, binti wa yule Jarvis, mrefu, anasema ovyo mbele ya wakubwa, na mara ya kwanza walipokutana Sebastian ndiye aliyemwekea Hero bastola ili apate kutoroka. Sisemi inaishaje ila kufika kitabu cha 6 watu hawasalimiani.

Mama Zai ni wa Kat mpaka kufa. Anasema mwandishi kamfanyia Kat hila, kamtoa njiani kwa kisa cha ukoo ambacho hata filamu za Kihindi wangeona kimezidi. Mimi nakubali kwenye hilo, kile kisa kilinichosha, nilifunga simu nikalala. Binti wa duka la dawa ni wa Hero kwa sababu Hero aliapa haolewi, na sababu yake ni ya kisheria sio ya maringo: kwa sheria yao ya wakati ule mwanamke akishaolewa mali yake inakuwa ya mume, hana chake. Hapo Mama Zai mwenyewe akashangaa, akasema sisi Waislamu mali ya mke ni ya mke miaka yote, hawa walikuwa wanatuona sisi washenzi? Wakaungana kwa dakika mbili wakimsema Mwingereza, halafu wakarudi kugombana. Sauti za dakika sita sita kwenye grupu. Dulla akatoka grupu, tukamrudisha, akatoka tena.

Malalamiko

Haya nayaandika haraka maana kila mtu anayajua. Sebastian anahoji mtu, anahoji mwingine, anavamiwa kichochoroni, anaua mvamizi bila kupata jina la aliyemtuma, anarudi nyumbani koti limechanika damu tele, mtumishi wake wa nguo anasikitika. Kila kitabu. Dulla alianza kuhesabu makoti. Pia macho ya njano tunakumbushwa kama vile tumesahau, na habari za mama yake Sebastian zinaburutwa kitabu hadi kitabu kama mkopo wa kausha damu. Mimi nasamehe kwa sababu ya kurasa za mwisho, mwandishi ana udaktari wa historia ya Ulaya na kila kitabu kikiisha anakaa chini anakwambia hiki kilitokea kweli, hiki nimekitunga. Hizo ndio kurasa Mjomba ananidai kabla ya zote.

Kitabu cha 6, na mimi nikabadili mradi

Mwanzo wa kitabu hiki ndio mwanzo bora niliosoma humo mpaka sasa. Daktari mpasuaji Paul Gibson, rafiki wa Sebastian, mguu mmoja ulibaki vitani, ananunua maiti usiku kwa watu wanaofukua makaburi. Ilikuwa biashara kubwa, kwa sababu maiti za halali za kufundishia upasuaji zilikuwa za walionyongwa tu na hazitoshi, mpaka sheria ilipobadilishwa 1832. Hii maiti ni ya kijana wa ofisi ya mambo ya nje, inasemwa kafa usingizini, moyo. Gibson anaigeuza, anakuta kidonda kidogo nyuma ya shingo pale fuvu linapoanzia. Kachomwa. Sasa atamwambia nani? Akisema ni mauaji ataulizwa maiti kaitoa wapi.

Nilimsimulia Mjomba hivyo hivyo, nikamwonyesha na kidole pale shingoni kwangu, na kwa mara ya kwanza akainuka kwenye kiti. Akasema hiyo ndio kazi sasa. Una ushahidi mkononi na huwezi kuutumia. Akaanza kuhadithia yake, ya miaka ile, majina sitaji na mahali sitaji, ya kitu alichokijua akashindwa kukipeleka popote. Alihadithia mpaka kahawa ikapoa, Sebastian hatukumgusa tena usiku ule.

Kesho yake nikachora mstari kwenye kauntabuku. Safu ya "nani kapatia" nimeifuta, mahali pake nimeweka safu mbili: muuaji kajulikana? na, kaadhibiwa na nani? Nikarudi nyuma vitabu vyote sita kujaza. Safu ya pili inasikitisha. Wengine wanakufa wakipigana na Sebastian, wengine Jarvis anawamaliza kimyakimya kwa sababu zake, mahakama unaitafuta kwa tochi. Mama Zai anasema mwandishi anaogopa kuandika kesi. Binti wa duka la dawa anasema hapana, ndivyo nchi ilivyokuwa. Mimi nimeegemea kwa binti, lakini kitabu cha 2 bado naona kilimalizwa kivivu.

Wiki hii

Nilifanya kosa nikamtajia Mjomba kitabu cha 16 ambacho bado hatujafika, kinahusu Oktoba 1814 lakini mzizi wake ni mauaji ya kweli ya Ratcliffe Highway, Desemba 1811. Akataka yale ya kweli kwanza. Nikamwambia: tarehe 7 usiku, muuza vitambaa Timothy Marr anamtuma mtumishi wake Margaret Jewell akanunue chaza. Anakosa, anarudi, mlango umefungwa, anagonga hafunguliwi. Ndani Marr, mkewe, mtoto wao mchanga na kijana wa dukani wote wameuawa. Nyundo kubwa ya mafundi wa meli imeachwa ndani. Siku 12 baadaye, jirani tu na hapo, mwenye baa na mkewe na mtumishi wao. Watu saba. Anakamatwa baharia John Williams, ushahidi wa kuungaunga, na kabla ya kesi anakutwa kajinyonga rumande. Maiti yake ikatembezwa mitaani kwenye mkokoteni, ikazikwa njiapanda, ikapigiwa mti moyoni, na serikali ikasema muuaji huyo, yamekwisha.

"Mtuhumiwa kafia mahabusu," Mjomba akasema, "na jalada likafungwa."

Nikasema ndio.

"Peke yake selo?"

Ndio Mjomba.

Grupu limenigomea, hawataki kuruka kutoka cha 7 kwenda cha 16, Mama Zai kasema akiona naruka anajitoa na kopo ni lake. Kwa hiyo Mjomba itabidi asubiri vitabu tisa. Lakini jana wakati naaga kaniita, kaomba karatasi na kalamu, kaandika pole pole mkono unatetemeka, kakunja mwenyewe, katia kwenye kopo. Ya kwanza tangu tuanze. Nilivumilia mpaka kona ya msikiti, nikafungua kwa mwanga wa simu, mnisamehe. Hakuna jina. Kaandika, "Nani alikuwa zamu usiku ule?"

Nimeirudisha koponi. Leo naanza cha 7.