Siku Moja ya Mwanafunzi wa Historia Katika Chuo cha Kikristo

Ukitaja chuo cha Kikristo, watu wanadhani unasomea uchungaji. Ukitaja historia, wanadhani unakariri tarehe. Ukitaja vyote kwa pamoja unaulizwa, "Sasa ukimaliza utahubiri wapi?" Basi tuione siku yenyewe, katika chuo kidogo cha aina hiyo huko Marekani, ambako fani yako kuu haikupi ruhusa ya kukwepa sayansi, lugha, muziki wala Biblia.

Saa 12 asubuhi ni kusoma. Saa 2 ni maabara ya baiolojia. Ndiyo, baiolojia: shahada inahitaji krediti zipatazo 120, na historia haichukui hata nusu yake.

Saa 4 ni ibada. Katika vyuo vingi vya namna hii ibada ni ya lazima siku kadhaa za wiki, na kadi yako inasomwa mlangoni. Wenye mtihani saa 5 hukaa viti vya nyuma, kitabu magotini.

Saa 5, darasa la Kanisa la kale. Mada ni vita vya Daraja la Milvio, nje kidogo ya Roma, Oktoba 312 B.K. Kila mtu ameingia akijua kwamba Konstantino, mfalme wa Roma aliyeshinda vita hivyo, aliona msalaba angani. Mhadhiri anagawa karatasi nne. Ya kwanza ni hotuba ya mwaka 310, ambamo msemaji anadai mfalme huyo huyo alitokewa na Apollo, mmoja wa miungu ya Wagiriki na Warumi. Ya pili ni ya Lactantius, mwandishi Mkristo aliyeandika miaka michache tu baada ya vita: kwake ni ndoto ya usiku, na agizo la kuweka alama kwenye ngao. Ya tatu ni ya askofu Eusebius, aliyeandika baada ya mfalme kufariki mwaka 337. Hapo ndipo msalaba wa nuru unapotokea mchana kweupe, na Eusebius anasema alisimuliwa na Konstantino mwenyewe, kwa kiapo. Lakini katika historia yake ya Kanisa, aliyoiandika mapema zaidi, anavieleza vita hivyo hivyo bila kutaja maono yoyote. Karatasi ya nne ni maandishi ya tao la ushindi la Roma, la mwaka 315: yanasema alishinda kwa msukumo wa uungu. Uungu upi? Hayasemi, na ukimya huo una maana yake, kwa sababu tao lilitolewa na Baraza la Seneti, na ndani yake bado walikuwamo wengi walioabudu miungu ya zamani.

Kuna mwanafunzi mmoja katika kila darasa ambaye hapo hunyoosha mkono na kusema, "Ni mapenzi ya Mungu tu." Wa nje wangetarajia mhadhiri wa chuo cha Kikristo aseme amina na kufunga daftari. Hasemi. Anauliza: karatasi ipi, mstari wa ngapi? Imani haikufupishii kazi hata kidogo. Kama ni kitu, inaiongeza, maana ushuhuda unaoupenda ndio unaopaswa kuubana kwa maswali zaidi.

Chakula cha mchana kinaliwa kwa haraka.

Saa 8, chumba cha nyaraka, na hapa ndipo siku inapokwama. Begi linabaki nje. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Unaletewa boksi moja, unatoa faili moja, unaweka kikaratasi mahali lilipotoka, na hupangi upya chochote hata kama unaona kimekosewa. Unamwambia mtunza nyaraka. Ndani ya faili kuna barua ya mmisionari wa karne ya 19. Ili kubana gharama za karatasi na posta, ameandika ukurasa hadi chini, kisha akaugeuza upande na kuandika tena juu ya mistari ile ile. Ukiutazama, unaona wavu.

Unasoma mwelekeo mmoja kwanza, ukijifanya huo mwingine haupo. Unaanza na maneno unayoyategemea: tarehe, salamu, jina la Bwana. Kutokana na hayo unajitengenezea alfabeti ya mkono wake kando ya daftari. Herufi s mbili zikifuatana, ya kwanza huandikwa ndefu, ukaidhania f. Neno lisilosomeka linawekwa alama ya kuuliza, halibuniwi. Ukilibuni, baada ya kurasa mbili umeshalisahau na unalinukuu kama alilisema yeye. Saa nzima inaweza kutoa aya moja, na aya yenyewe ikawa ni malalamiko kuhusu mizigo iliyochelewa. Shingo inauma. Mtunza nyaraka anaangalia saa.

Kumbe hata hayo malalamiko ni mali: ripoti iliyochapishwa kwa wafadhili isingethubutu kuyasema.

Baada ya hapo sijui niite saa ngapi. Ni jioni, ni zamu ya kazi maktaba kwa walio na ajira ya chuo, ni kurasa za kuandika. Tanbihi za mtindo wa Chicago, yaani kanuni za kutaja vyanzo, hula muda kuliko hoja: kwenye tanbihi jina la kwanza hutangulia, kwenye orodha ya marejeo hutangulia la ukoo, na tanbihi ya nyaraka inataka namba ya boksi na ya faili. Ambaye hakuiandika namba ya faili saa 8, kesho atarudi kuomba boksi lile lile, baada ya jaribio la Agano la Kale la saa 2.