Sumaku ilipoanguka

Leo asubuhi niliitwa Mwanakwerekwe kuitazama MGB ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, ambayo imekaa uani chini ya turubai kwa miaka mingi, na mwenyewe, mzee wa rika la baba yangu, akataka nimwambie thamani yake.

Kwa macho inapendeza. Hata hivyo, injini ya asili ya sentimita za ujazo 1798, pamoja na kabureta zake mbili, imeondolewa ikawekwa ya Toyota, na dashibodi imetobolewa kwa ajili ya redio.

Hayo hayakunitisha, kwa kuwa vipuri vya gari hizi bado hupatikana Uingereza.

Nikatoa sumaku mfukoni, nikaiweka kwenye kizingiti cha chini ya mlango.

Ikaanguka.

Chini ya ile rangi nyekundu mlikuwa na puti tupu, ile lipu ya kuzibia bodi isiyoshika sumaku, badala ya chuma (chumvi ya bahari yetu haina huruma), na MGB haina chasisi ya kujitegemea, bali vizingiti hivyo ndivyo vinavyoizuia isipinde katikati. Tulipoipandisha kwa jeki, mlango wa dereva ukagoma kufunguka.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, niiuze skrepa?"

Nikamwambia hapana, ila bei ipunguzwe kwa gharama yote ya kuchomelea. Ndipo akanionesha stoo: injini ya asili ipo, imefunikwa gunia!

Jamaa zangu, nyinyi mngeirudisha, au mngeiacha ya Toyota? Na nani anamjua mchomeleaji makini hapa Unguja?