Wimbi la Pili

Jana binti yangu alinikuta nimebandika pua kwenye nondo za dirisha, nguo bado ziko kambani. "Baba, unanusa nini?" Nikamwambia mvua. Akanionyesha simu: jua tupu mpaka Ijumaa. Nguo nikazianua hivyo hivyo.

Pua hii ni ya babu. Sina hakika kama nilirithi na kilichomo.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi, tanga mbili, upepo wa kaskazi umeshachoka na wa kusi haujashika. Nilikuwa na miaka 12, kazi yangu kufua maji kwa kopo la rangi. Tulitoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, alfajiri kwa umande, ule upepo wa nchi kavu, ngalawa 7, tukaelekea mashariki mpaka mnara ukaufunika ule mvinje mrefu na kisiwa cha Mnemba kikabaki kusini kama sinia lililofunikwa kawa. Alama mbili zikikutana hivyo, chini yako kuna mwamba wa changu. Babu hakuwa na kifaa kingine.

Changu wawili walikuwa ndani, wa tatu ananivuta mshipi, babu akanyamaza. Siku zote alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini huku kulikuwa kunyamaza kwingine. Akakunja mshipi wake taratibu. Akavua kofia. Akakanyaga chini ya ngalawa kwa nyayo zote mbili, magoti kayalegeza, macho hayatazami popote. Mbingu safi. Mbali kule ndege membe wanajitupa majini juu ya dagaa, na wenzetu wanaimba.

"Lete mkono."

Akaubandika kwenye ubavu wa ngalawa, akaufunika kwa wake, mgumu kama gome la mkoko. "Unasikia?"

Vijiwimbi vya kaskazi vilikuwa vinagonga, ta-ta-ta, kama vidole vya mtu mwenye haraka.

"Hayo ya juu yaache. Chini yake lipo jingine, refu, linatoka kusini. Limetangulia, upepo wake uko nyuma."

Nikafumba macho. Mkono wake ulinuka ngisi. Nikasikia ta-ta-ta, nikasikia na moyo wangu. Basi.

"Nasikia," nikasema.

"Haya. Ng'oa nanga."

Upepo haukuja. Si mchana, si jioni. Wale sita waliingia alasiri na jodari wa kuuza na kugawa, na pale dikoni, wanaposhukia wavuvi, utani ukaanza: "Mzee, leo umekimbia upepo wa nani?" Babu akacheka nao, akanunua kitoweo kwao. Nyumbani bibi akaninong'oneza kwamba goti lilikuwa linamuuma tangu usiku, na angesema goti tu, bahari kaisingizia. Ila kwetu hata goti ni dalili ya hewa, kwa hiyo bibi naye hakunisaidia.

Siku ya nne kusi ikaingia usiku, ikang'oa makuti ya banda letu. Siku nne! Asubuhi nilimkuta babu anashona tanga. Nilitaka kumwuliza kama ndiyo ile. Lakini ningeanzaje, na mimi ndiye niliyesema nasikia?

Jana haikunyesha. Leo pia bado. Binti yangu alisogea pale dirishani, akabandika pua yake kwenye nondo kando ya yangu, akafumba macho.

"Unasikia?" nikamwuliza.

"Nasikia," akajibu, upesi mno.