Siku moja maishani mwangu: kazi ya "mnyimaji" wa ofisi

Saa 1:15 asubuhi niko kwenye daladala kutoka Uyole, koti juu ya sweta, maana Julai ya Mbeya haina masihara. Mimi ndiye mtu wa kompyuta ofisini. Saa 2 nakagua bakapu ya usiku, yaani nakala za akiba za mafaili, najaza wino printa ya mapokezi, nakunywa chai.

Saa 3 narudi kwenye kazi yenyewe: kupanga folda za pamoja kwenye sava, kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi nzima. Zamani kila mtu alifungua kila kitu. Hata wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walisoma mishahara ya wakubwa. Sasa kila idara ina folda yake, na ruhusa nakipa kikundi, simpi mtu mmoja mmoja. Mhasibu akihama, namtoa kwenye kikundi, yameisha. Asiye na ruhusa haioni kabisa hiyo folda. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, hili si suala la ustaarabu tu.

Saa 4 simu inalia. "Wewe kijana, umenifungia folda ya manunuzi!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nifungulie."

Mama kahamishwa kutoka stoo, na kwenye kikundi cha manunuzi nilishamwingiza. Ila Windows inasoma vikundi vyako pale unapoingia, kwa hiyo lazima atoke kwenye akaunti aingie upya. Namwambia. Anasema katoka. Hajatoka. Napanda ngazi. Anashusha mfuniko wa laptop, anahesabu kimoyomoyo, anaufungua. "Si nimezima?"

Hapo ndipo naona faili za Excel zilizo wazi zimejaa kwenye mstari wa chini wa kioo, hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Hataki nizifunge. Tunahifadhi moja moja, na kila moja anaitafutia jina: "kotesheni mpya", "kotesheni mpya halisi", "hii ndiyo". Tukiwa katikati, umeme unakatika. Laptop inabaki hai, mtandao umekufa, jenereta haina mafuta. Mama ananiuliza kwa nini nisiruhusu tu watu wote, turudi tulivyokuwa. Wenzake wanaitikia. Nyie!

Umeme ukarudi, chakula cha mchana kikiwa kimeshanipita. Akaingia upya, folda ikafunguka, akatabasamu. Halafu akasogeza miwani, akashusha kipanya mpaka chini.

"Na ile ya mishahara umeipeleka wapi? Ilikuwa hapahapa."

"Ile unaomba kwa maandishi, mama. Kwa mkuu wa utumishi."

"Una roho mbaya wewe," akasema, akanisogezea parachichi.