Sikio la Washa

Mwanzoni mwa Januari 1998, Ramadhani ikiwa bado changa na mvua za El Niño zikiwa hazijakoma, skuta niliyoachiwa na marehemu baba yangu ilianza kukataa kuachia. Nilipobana mkono wa klachi penye taa za barabarani, iliendelea kusukuma mbele polepole kana kwamba sikubana kitu, na nilipozungusha kishikio cha kushoto ili kubadilisha gia, giaboksi ilikwaruza kwa sauti iliyonikata maini. Wakati huo niliishi Pumwani, Nairobi, katika nyumba ile ile niliyozaliwa, na nilifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari upande wa pili wa jiji. Skuta ile ilikuwa ndiyo miguu yangu.

Ilikuwa Vespa PX 150 ya rangi ya maziwa. Vespa kwa Kiitaliano ni nyigu, na hivyo ndivyo watoto wa mtaani kwetu walivyoiita, kwa sababu baba aliwahi kuwaeleza maana ya jina hilo na hawakulisahau tena. Baba aliitunza kwa mikono yake mwenyewe tangu alipoinunua kwa mtu mwaka 1983, na hakumruhusu fundi yeyote kuigusa injini isipokuwa rafiki yake mmoja, mzee wa asili ya Lamu aliyekuwa na kibanda cha kazi karibu na Gikomba. Baba alifariki mwaka 1997. Nilitaka kuifanya kazi ya klachi mwenyewe, kama ambavyo yeye angeifanya.

Jumamosi moja asubuhi nilifunga koki ya petroli, nikamwaga oili ya giaboksi, nikaondoa kifuniko cha ubavu wa upande wa injini, kisha nikailaza skuta kwa upande huo wa kulia juu ya matairi mawili makuukuu. Katika skuta hii klachi iko nyuma ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Ukishaliondoa gurudumu na kulegeza waya wa klachi, kinachobaki ni kifuniko kidogo cha alumini kilichoshikwa na bolti tatu. Nilikifungua bila taabu. Ndani mlikuwa na klachi yenyewe, bakuli la chuma la ukubwa wa kiganja, limebeba springi na sahani zilizovikwa koki, yaani gome laini kama la vizibo vya chupa, na katikati yake nati yenye meno kama ya ngome. Nati ilitoka kwa urahisi ulionishangaza. Nilidhani nimebahatika, kumbe ile ilikuwa dalili, nami sikuisoma.

Kwa kawaida, nati ikishatoka, bakuli hutelezeka lenyewe kutoka kwenye ncha ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na likikaidi huinuliwa kidogo kwa bisibisi mbili, moja kila upande. Langu halikusogea hata unywele. Niliongeza nguvu. Nililimwagia dawa ya kulegeza kutu, nikangoja nusu saa, nikainua tena kwa bisibisi kubwa zaidi, hadi niliposikia kitu kikibonyea. Si klachi iliyobonyea. Ilikuwa alumini ya injini, laini kama ilivyo, ambayo sasa ilikuwa na alama mbili mahali nilipoegemeza bisibisi. Niliziweka bisibisi chini, nikanawa mikono, nikaenda kumtafuta mzee.

Nilimkuta ameketi juu ya debe lililopinduliwa, akichambua beringi za pikipiki ya mtu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?” Alipokwisha kupata habari za nyumbani zote, ndipo akaniuliza, “Umeipiga nyundo?”

“Hapana, mzee. Nimeiinua kwa bisibisi, na nimeumiza injini.”

Alikuja nami nyumbani kwa miguu. Alichuchumaa mbele ya klachi kwa muda mrefu bila kugusa chochote, kisha akachovya kidole katika dawa niliyoimwaga, akakinusa.

“Umetia dawa ya kutu. Niambie, kitu hiki kimekuwa kikiishi wapi miaka yote hii?”

“Ndani ya oili, mzee.”

“Sasa hiyo kutu imetoka wapi?”

Sikuwa na jibu, nami ni mtu wa kufundisha watoto kutafuta sababu kabla ya jibu. Mzee alinieleza akionyesha kwa vidole viwili. Upande wa pili wa kranki, ule wa flaiwili, gurudumu zito la injini, ncha yake imechongoka, na flaiwili huishika kwa kubana kama kabari. Huko kung’ang’ania ni jambo la kawaida na pula yake, yaani chombo cha kuivutia, ipo. Upande wa klachi ncha ni mviringo ulionyooka, wenye kipenyo kimoja mwanzo hadi mwisho, na kinachozuia bakuli lisizunguke peke yake juu ya ncha hiyo ni ki, kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, ambacho nusu yake hukaa katika mfuo wa kranki na nusu katika mfuo wa bakuli. Mahali penye mviringo ulionyooka na oili ya kutosha, kitu hakigandi hivi hivi. Kikiganda, maana yake ni kwamba chuma kimehama mahali pake na kujipenyeza pasipokuwa na nafasi. “Ki imekatika au imeanza kukatika,” alisema, “na taka zake zimebana kati ya kranki na klachi. Dawa haiyeyushi chuma. Hii inataka kuvutwa, na ivutwe moja kwa moja bila kupindishwa.”

Moto alikataa kabisa kuutumia, kwa kuwa sahani zina koki na nyuma ya klachi kuna sili ya mpira, mbali na petroli iliyokuwa bado ndani ya tangi. Alichora kwa chaki, sakafuni, pula aliyoitaka. Alasiri hiyo tulishuka hadi Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali huanza kugonga vyuma asubuhi na hawanyamazi mpaka giza liingie, na mhunzi mmoja akatufulia kulabu mbili nyembamba kutokana na springi ya lori, akazifunga kwenye kipande cha chuma kinene kilichotobolewa katikati kwa ajili ya bolti moja ndefu. Nilipenda jinsi alivyopima unene wa kulabu kwa ukucha wa kidole gumba, akaupatia.

Jumapili tuliirudisha nati kwenye kranki mpaka ikalingana na ncha, ili bolti ya pula isiumize thredi na ili klachi isiruke itakapoachia. Kulabu zilipita nyuma ya ukingo wa bakuli kwa tabu. Mzee alikaza bolti mpaka ikawa ngumu, akaigonga kichwani mara moja kwa nyundo ndogo, akaketi. Baada ya dakika kumi alikaza robo mzunguko, akagonga, akaketi tena. Tulikuwa tumefunga wote wawili, jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya usiku, na sikumbuki saa ndefu kama zile. Alasiri ilipoingia alikwenda kuswali, akaniachia amri moja tu: nisiiguse. Aliporudi alikaza tena, pungufu ya robo, na kabla hajainua nyundo kilitoka kishindo kikavu, kama mtu aliyevunja muwa gotini, na bakuli likasogea upana wa ukucha.

Mzee aliziba uwazi wa injini kwa kitambaa kabla ya kulivuta bakuli lote, asije akadondosha kipande ndani. Ki ilikuwa imekatwa hadi katikati ya unene wake, sehemu ya juu imesukumwa pembeni ya ile ya chini ikafanya kidaraja, na kando ya mfuo wa kranki ulisimama ukingo mwembamba wa chuma, mkali kiasi cha kunichana kidole. Kisha alinipa washa, pete nyembamba ya chuma. Washa hii hukaa chini ya nati na ina sikio ambalo, baada ya kukaza, hukunjwa liingie katika jino la nati ili nati isilegee. Sikio lile lilikuwa limenyooka kabisa. Halikuwahi kukunjwa. Nati ilikuwa imelegea polepole, bakuli likapata nafasi ya kuchezacheza, na kila nilipoongeza mwendo lilikuwa likiitafuna ki.

Mtu wa mwisho kuifunga klachi ile alikuwa baba, mwaka 1996, macho yake yakiwa yameanza kuingia mtoto wa jicho. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Nakumbuka aliniuliza, “Limelala sikio?” nami nikamjibu, “Ndiyo, baba,” kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Nilimweleza mzee jambo hilo pale pale, washa ikiwa mkononi mwangu. Hakunilaumu wala hakunituliza. Alisema, “Lete tupa.”

Tulikwangua ukingo ule kwa tupa laini kabisa, kisha kwa msasa uliolowa oili, tukijaribisha bakuli kila baada ya muda mpaka likaingia kwa kusukumwa kwa vidole tu, bila kuyumba. Jumatatu baada ya shule nilizunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, na katika duka la tatu nikapata ki na washa. Sahani za koki zilikuwa nzima. Tuliziloweka katika oili usiku kucha kabla ya kuzirudisha.

Kijitabu cha baba kiliagiza nati ikazwe kwa nguvu ya kati ya nyutoni-mita (Nm) 40 na 45. Mzee hakuwa na spana ya kupimia, alikaza kwa mazoea ya mkono, na mkono wake niliuamini. Lakini safari hii nilitaka nambari. Niliazima mizani ya ndoano kwa muuza nyama jirani, nikaifunga kwenye mpini wa spana sentimita 50 kutoka katikati ya nati, nikamwambia avute mpaka mizani isome kilo 8.8, ambayo kwa urefu huo ni kama Nm 43. Ili klachi isizunguke, alibana kati ya meno ya gia senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu, kwa sababu shaba ile ni laini kuliko gia na haiwezi kuidhuru. Alivuta, akaitazama mizani, akaniambia kwa heshima ambayo bado naikumbuka kwamba mkono wake ungeishia hapo hapo.

Sikio la washa alinikabidhi mimi. Nililikunja kwa patasi butu na nyundo ndogo, nikalilaza ndani ya jino la nati, nikamulika tochi, nikamwomba naye amulike. Tulirudisha kifuniko, tukatia oili ya SAE 30 mililita 250, tukarekebisha waya mpaka mkono wa klachi ukawa na mchezo wa milimita mbili. Nilipoiwasha na kubana klachi, ikiwa katika gia ya kwanza, skuta ilisimama tuli. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni akisikiliza.

Mzee alipokea bei ya mhunzi tu. Mwezi Machi, nilipokuwa nimekwisha kwenda kilomita kama 600, niliilaza skuta tena, nikafungua bolti tatu na kumulika ndani. Sikio lilikuwa limelala.